Maneno Yasiyozidi Elfu Moja

Bahasha ilirudi Jumanne asubuhi, na mwandiko uliokuwa juu yake ulikuwa wa fundi makochi mwenyewe. Ndivyo jarida lilivyotaka. Kifungu cha nne cha mwongozo wao kilisema kila mwandishi aambatanishe bahasha ya pili, yenye anwani yake na stempu, ili makala ikikataliwa irudishwe. Yaani mtu unainunulia aibu yako nauli, unaielekeza njia ya kuja kwako, halafu unakaa mlangoni kuingoja.

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, misumari mitatu mdomoni. Aliiona bahasha mkononi mwa binti yake akajua.

"Imerudi?"

"Imerudi, baba."

"Isome wewe." Aliitemea misumari kiganjani. "Mimi barua za wakubwa nikifika katikati nimeshasahau mwanzo."

Binti alikuwa amevaa tayari kwenda kazini, kwenye duka la kuchapa na kurudufu karatasi. Alisoma akiwa amesimama. "Tunakushukuru kwa kutuletea makala yako. Tunasikitika kwamba hatukuweza kuisoma, kwa kuwa haikuzingatia kifungu cha saba cha Mwongozo kwa Waandishi. Tunakutakia mafanikio mema."

"Hawakuisoma?"

"Hawakuisoma."

"Wiki saba imekaa kwao. Walikuwa wanaiatamia?"

Binti alikuwa amezitoa kurasa na anaziangalia. Juu ya kila ukurasa, upande wa kulia, kwa kalamu nene ya bluu ambayo fundi huitumia kuweka alama kwenye vitambaa, yalikuwa yameandikwa majina matatu ya mama yake. Herufi zilikuwa kubwa kama za bango la bucha. Kurasa sita, mara sita.

"Baba. Hii nini?"

Fundi alichukua nyundo, akaikagua kana kwamba haijui.

"Nilikusomea kifungu cha saba, baba. Jina la mwandishi lisionekane mahali popote katika makala. Linaandikwa kwenye karatasi ya peke yake. Nilikusomea mara mbili!"

"Ulinisomea, na nikaona huo ni mtego. Mtu anakwambia lete mali yako, lakini usiiwekee alama. Kuku tu tunamfunga utepe mguuni asichanganyike na wa jirani."

"Wanafanya hivyo ili anayesoma asimpendelee mtu."

"Wakubwa wasipendelee?" Fundi alicheka bila furaha. "Tangu lini?"

Mama wa binti alikuwa amefariki miezi saba iliyopita. Alikuwa dobi katika hospitali kubwa kwa miaka kumi na tisa, na siku za mapumziko alikuwa anaandika makala. Watu walimwita Mama Kalamu, wengine kwa heshima, wengi kwa kejeli. Makala tisa alizipeleka kwenye jarida lile na tisa zote zikarudi. Ya kumi, iliyohusu chumba cha kufulia, ilirudi na mstari wa mkono chini yake, wino mwekundu: Hii ni nzuri. Ipunguze isizidi maneno elfu moja, utuletee tena. Aliupokea mstari ule Jumatano akacheka siku nzima. Wiki ya tatu baada ya hapo akazikwa.

Fundi alikuwa na haja moja tu duniani, wala haikuwa kubwa. Alitaka kuyaona majina yale matatu yamechapwa chini ya maneno ya mwenyewe. Mahali pekee yalipokuwa yamechapwa mpaka siku ile ni kwenye cheti cha kifo. Huko nako waliyachapa kwa sababu wanalipwa mshahara kuyachapa.

Shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, aliingia bila hodi kama kawaida yake, akaona kurasa mkononi mwa binti.

"Bado mnapeleka tu? Aliye hai hawakumjibu, watamjibu wa kaburini?"

"Shemeji, karibu chai," alisema fundi, maana ndilo neno pekee la adabu alilolipata.

"Chai yenu naijua. Inachemka kwa hasira." Akakaa juu ya kochi la mteja ambalo lilikuwa halina sponji bado, akazama mpaka magoti yakamfikia kidevuni. "Mnitoe!" alipiga kelele. Binti alicheka mpaka akalia, na baada ya hapo akaendelea kulia, na hakuna aliyemuuliza.

*

Kifungu cha kumi na moja kilisema waandishi wasifike ofisini wala wasipige simu. Alhamisi saa tatu fundi alikuwa ofisini.

Alivaa shati la mazishi. Dada wa mapokezi alimwangalia kuanzia kwenye kola mpaka viatuni, na alipofika viatuni akawa ameshaamua.

"Mafundi mlango wa nyuma, mzee."

"Nimeleta makala."

"Makala hayaletwi. Yanatumwa."

"Yalitumwa. Yamerudi."

"Sasa yakirudi si ndiyo jibu?"

Fundi akakaa. Kochi la wageni lilikuwa limechanika upande wa kushoto, na springi moja ilikuwa imetoka kichwa inamchoma mtu pajani. Aliigusa kwa kidole. Kazi ya nusu saa. Jumba la ghorofa nne, gari mbili mpya nje, na hakuna mkubwa aliyewahi kukaa mahali anapokaa mgeni akajua kinachomchoma.

Saa tano na robo mhariri alishuka ngazi akitafuta funguo zake. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, uso wa mtu aliyesoma usiku kucha maneno ya wengine. Fundi alisimama haraka mpaka springi ikalia.

"Samahani, mama. Hii ilikuwa ya wino mwekundu."

Mhariri alipokea kurasa kwa kuchoka. Aliona majina ya bluu, akakunja uso, kisha macho yakashuka kwenye mistari na uso ukakunjuka.

"Huyu wa mashuka," alisema. "Nilimngoja huyu. Kwa nini amechukua muda wote huu?"

Kifungu cha kumi na mbili kilikuwa kimemkaa fundi kichwani: mwandishi asaini mwenyewe tamko kwamba makala ni yake. Akiwaambia kaburi halisaini, watamrudishia bahasha papo hapo.

"Alibanwa," alisema.

"Na wewe ni nani wake?"

Kwa nini alijibu alivyojibu, mwenyewe hakujua. Labda shati. Labda viatu. "Mimi tarishi tu."

"Basi mwambie hivi." Mhariri aliweka kurasa juu ya meza ya mapokezi, akazifunua haraka haraka kama anayemenya kitunguu. "Hapa pana maneno elfu moja na mia nne. Nataka elfu moja, hata moja lisizidi, ukurasa wetu haunyumbuki. Mwanzo aache. Mashine mbovu ya kufulia aache, hiyo ndiyo nyama yenyewe. Aondoe haya ya shangazi yake, aondoe safari ya kwenda kazini. Na huku ukurasa wa nne, amtoe huyu mume."

"Mume?"

"Mambo ya chumbani haya. Msomaji anataka hospitali, hana haja na mume. Mume atoke wote."

"Atoke wote," alisema fundi.

"Na ailete kabla ya kesho saa sita mchana. Wakubwa wamekaa kikao. Toleo lijalo ndilo la mwisho kupokea makala kutoka nje. Baada ya hapo ni waajiriwa wao tu." Alimtazama mara ya kwanza usoni. "Usisahau hata kimoja, tarishi."

"Sisahau, mama."

*

Binti aliomba ruhusa akarudi mapema. Walikaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, baba upande huu na mwana upande ule, mkasi mkubwa katikati yao ingawa haukuwa na kazi.

Shangazi alitoka bila ugomvi. Safari ya kwenda kazini fundi aliitetea kidogo, kwa kuwa mlikuwa na mzaha kuhusu kondakta, kisha akaiachia. Kila mstari ulipokatwa alisema, "Samahani, mke wangu," kwa sauti ndogo, na binti akajifanya hasikii. Walihesabu kwa vidole na kwa ncha ya penseli. Ilibaki elfu moja na tisini na mbili.

"Sasa ukurasa wa nne," alisema fundi. "Soma. Nataka kujua ninatolewa nikiwa nimesema nini."

Binti alikuwa ndiye aliyeichapa makala yote. Baba yake alikuwa amemkataza kugusa neno hata moja, naye hakugusa, lakini alikuwa amemwomba Mungu jambo moja: baba asifike ukurasa wa nne.

"Si lazima, baba. Nakata tu, tunamaliza."

"Soma, mwanangu."

Akasoma. "Mikono yangu inanuka klorini hata niipake nini. Mume wangu analala ameelekea ukutani. Hajasema neno, kwa sababu ana adabu, na mimi sijauliza, kwa sababu jibu nalijua. Mashuka ya watu elfu nimeyatoa harufu. Yangu mimi nani ataitoa?"

Palikuwa na mistari mingine. Ilieleza jinsi alivyokuwa akikaa uani mpaka taa ya ndani izimwe, ili aingie wakati mume ameshasinzia na asimpe taabu ya kugeuka. Binti aliisoma yote kwa sauti ileile ya dukani ya kusomea wateja barua zao.

Fundi alikuwa anaukunjua na kuukunja utepe wa kupimia.

"Ilikuwa gundi," alisema hatimaye. "Mchana kutwa nanusa gundi ya makochi. Kichwa kinaniuma. Jioni ikiongezeka na klorini... Ilikuwa kichwa tu. Sikuwa namkimbia."

"Mwambie yeye, baba."

Hakulisema kwa ubaya. Lilitoka tu, kama sindano inavyopita kitambaa ikaingia kidoleni.

Fundi alinyanyuka akaenda uani, mahali pa kufulia. Chini ya karai palikuwa na chupa ya klorini, imebaki robo. Binti alishataka kuitupa mara mbili akakatazwa, akadhani ni ubahili. Fundi aliifungua, akainamisha uso, akavuta harufu mpaka macho yakamtoka machozi na kifua kikamkaba. Miaka yote ile harufu ilimfukuza mpaka ukutani. Sasa alikuwa anaifuata chupani na haikutosha. Haikuwa na mtu ndani yake.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Yako mangapi?"

"Ya ukurasa wa nne? Tisini na mbili."

"Yaani nikitoka mimi inatimia elfu moja kamili."

"Kamili. Lakini baba, hapa ndipo alipoandika vizuri kuliko pote. Mimi nachapa barua za watu kutwa, najua. Tunaweza kukata kwenye mashine badala yake."

"Mashine imeharibika mwaka wa ngapi?"

"Wa pili alipoandika. Sasa wa tatu."

"Na wanaofua kwa mikono bado wapo?"

"Wapo."

"Na aliyekula pesa ya kuitengeneza bado yupo?"

"Amepandishwa cheo, wanasema."

"Basi mashine haiguswi." Akausukuma ukurasa kwake. "Kata, mama."

*

Ijumaa saa tano mhariri aliisoma akiwa amesimama, palepale mapokezi. Jina halikuwepo popote. Lilikuwa kwenye karatasi ya peke yake, limechapwa na binti, safi. Mhariri alitikisa kichwa polepole kwa kukubali, na alipomaliza akagonga meza kwa kiganja.

"Hii sasa ni makala. Yuko wapi huyu mama? Tamko halina saini."

Dada wa mapokezi aliinua macho. Fundi alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, mengi na mazuri, na hata moja halikuja.

"Amefariki," alisema. "Miezi saba. Wino wako mwekundu alikaa nao siku ishirini."

Mhariri alivua miwani.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Kifungu cha kumi na mbili."

Kifungu hicho mhariri alikiandika yeye mwenyewe, miaka mingi nyuma, kwa ajili ya wezi wa makala. Hakuwahi kufikiri ni nani mwingine kitamgonga. Ndivyo sheria zilivyo. Anayeziandika yuko ndani, yule zinayempiga yuko nje.

"Anaweza kusaini mrithi," alisema. "Ana nani? Kuna mtoto? Kuna..." Akasita. "Wewe tarishi ni ndugu yake?"

"Mimi ndiye yule uliyesema atolewe."

Springi ya kochi ililia, ingawa hakuna aliyekaa. Ilikuwa ni dada wa mapokezi amepita akaegemea, apate pa kushikilia.

"Nisamehe, baba," alisema mhariri. Alikuwa mwekundu wa macho ghafla, mtu aliyekataa maelfu kwa barua bila kumwona hata mmoja. "Mimi nilisoma kama mhariri. Sikiliza. Bado hatujapeleka kiwandani. Tunaweza kukurudisha. Nakumbuka sehemu ile, ilikuwa... tunaweza kukurudisha."

"Na maneno elfu moja?"

"Ukurasa ni uleule. Kitu kingine kitabidi kitoke. Tutapunguza kwenye mashine."

Fundi aliangalia karatasi. Alitamani. Asidanganyike mtu kwamba hakutamani. Pale palikuwa mahali pekee duniani ambapo yeye na mke wake walikuwa bado wamelala chumba kimoja, hata kama yeye alikuwa ameelekea ukutani, na angeweza kusema neno moja tu wakachapwa pamoja, nakala elfu ngapi sijui. Aibu angeivumilia. Angeilipia, angeomba.

"Alipokuwa anaandika," aliuliza, "alianza kuandika kwa sababu yangu, au kwa sababu ya mashine?"

"Wewe ndiye unayejua, baba."

"Kwa sababu ya mashine." Akavuta kalamu iliyofungwa kamba mezani. "Nionyeshe pa kusaini."

Alisaini polepole. Hakuna aliyemharakisha.

*

Jarida lilitoka. Binti alileta nakala nne, akazitandika juu ya meza ya kukatia. Majina matatu yalikuwa chini ya ukurasa, meusi, kamili. Fundi aliyapitisha kidole mara nyingi mpaka binti akamwambia, "Baba, utayafuta."

Watu walikuja. Madobi wawili wa hospitali walikuja bado wana aproni, wakataka wasomewe mara mbili mahali pa mashine, wakapiga vigelegele walipofika kwa yule aliyepandishwa cheo, ingawa jarida lilimwita afisa mmoja tu. Mashine haijatengenezwa mpaka leo. Lakini inasemekana afisa mmoja alizinunua nakala zote za kibanda cha karibu na hospitali, na hilo nalo ni kusoma.

Shemeji alikuja jioni, amevaa kama wa harusini. Alisoma mwenyewe kuanzia juu mpaka chini, midomo ikimchezacheza, akafika kwenye jina la mdogo wake akalia waziwazi. Alipomaliza kulia akapangusa pua na tabia yake ikamrudia.

"Lakini shemeji, nimetafuta nimechoka. Hospitali ipo, mashine ipo, wagonjwa wapo, mpaka karai limetajwa. Wewe mumewe wa miaka ishirini na mbili, hata mstari mmoja hukupata?" Akacheka, akawaangalia madobi wacheke naye. "Ulimkosea nini?"

Madobi walicheka. Binti alifungua mdomo. Baba yake alimtazama, naye akaufunga.

"Walitaka maneno elfu moja tu, shemeji," alisema fundi. "Nafasi ilikuwa ndogo."

Akazikusanya zile nakala nne, akazilinganisha kingo kwa kuzigonga mezani, na akaenda kuwaongezea wageni viti.